Hatakumbuka? Na Asikumbuke

Sema tu kwamba unampeleka mtoto wa miaka miwili kupanda treni ya mvuke, utasikia wanafamilia wakiguna: hatakumbuka chochote huyo. Ngoja afikishe miaka minane, usitupe fedha. Watu huita hiyo busara. Mimi naiita ubahili.

Kweli, watu wazima ni nadra kukumbuka mambo ya kabla ya miaka mitatu. Lakini tangu lini furaha ya mtu ikadaiwa risiti miaka ishirini baadaye? Isitoshe, mtoto huyo atakaa na safari ile kichwani kwa wiki, pengine miezi, akipanga viti vya sebuleni kuwa mabehewa na kukufukuza ukikalia injini.

Chukua reli ya Talyllyn kule Wales. Ilianza kazi 1865 ikibeba mawe ya kuezekea nyumba, na mwaka 1951 watu wa kujitolea wakaiokoa isife, wa kwanza duniani kufanya hivyo. Kutoka Tywyn hadi Nant Gwernol ni kama kilomita 12 tu, mwendo wa taratibu. Humo behewani baba anahangaika na kamera, kijana wa miaka kumi na minne yuko kwenye simu. Anayesafiri hasa ni yule mdogo.

Na ana haki, kwa sababu mtambo wa mvuke haufichi kitu. Makaa yanatiwa kwa koleo, moto unachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni, na vyuma vinavyozungusha magurudumu viko nje, unavitazama vikienda na kurudi. Njiani, Dolgoch, injini husimama kunywa maji. Mwenye miaka miwili haulizi kwa nini. Naye ana kiu. Treni ya kisasa ya SGR, Nairobi hadi Mombasa, ni safi na ya haraka, siikatai, ila humpa mtoto kiti na dirisha, basi.

Kasisi Awdry, mwandishi wa vitabu vya watoto, aliujua mvuto huu wa injini za mvuke. Hadithi zake za treni, zilizotuletea injini Thomas, alianza kumsimulia mwanawe mdogo aliyekuwa kitandani na surua. Kitabu cha kwanza kikatoka 1945, na baadaye Awdry mwenyewe akaenda kujitolea Talyllyn.

Hoja pekee ninayoiheshimu ni ya kelele na masizi. Honi ya mvuke humtisha mtoto kweli, na masizi huingia machoni. Basi panda behewa la mbali na injini, mzibe masikio mkiwa jukwaani, na kichwa kisitoke dirishani. Akilia, atanyamaza, hata watu wazima hulia uwanja wa ndege.

Tiketi zikipungua, tafadhali asiachwe yeye. Aachwe mjomba anayetaka kutuhadithia njia nzima jinsi treni za zamani zilivyokuwa bora. Stesheni kuna chai.