Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Neno hilo latufaa tunapotazama kesi moja ambayo haijafungwa, ingawa miaka zaidi ya 60 imekwisha pita. Nayo yatuhusu sisi wa Simi-Simi, tukaao kando ya uwanja wa zamani wa ndege wa Kisangani, kwa kuwa aliyekufa alikuwa safarini kutafuta amani ya nchi yetu.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, Bwana Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa akienda Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Alitaka kuonana na Bwana Moïse Tshombe wa Katanga ili vita vikome. Ndege ikaanguka msituni karibu na Ndola. Watu walikuwa 16. Mmoja tu alikutwa hai, naye akafa baada ya siku chache.

Serikali ya Rhodesia ikafanya uchunguzi wake, na mwaka 1962 ikasema kwamba kosa lilikuwa la rubani. Lakini wachoma makaa, watu weusi waliokuwa msituni usiku ule, walikuwa wamesema mambo mengine: baadhi yao waliona ndege ya pili, au moto angani kabla ndege haijaanguka. Maneno yao hayakuthaminiwa. Je, serikali iliyowatawala watu wale, tena yenye shauri lake juu ya Katanga, ingeweza kupima bila upendeleo?

Ndiyo sababu Umoja wa Mataifa uliunda tume yake, ukamwita mtaalamu kutoka Uswisi, Bwana Max Frei-Sulzer wa polisi ya Zürich, ayatazame mabaki. Vyuma vilivyoshikamana kwa moto viliyeyushwa ili kutafuta risasi. Hakuona dalili ya shambulio. Hata hivyo tume ile haikukubali kumtwika rubani lawama, wala haikuondoa uwezekano wa shambulio. Ikaliacha jambo wazi.

Wapenzi wasomaji, hapa pana fundisho. Bwana huyo huyo, mwaka 1982, aliombwa kupima mwandiko wa daftari zilizodaiwa kuwa za Hitler. Akasema kwamba mwandiko ni wa kweli. Kumbe baadhi ya karatasi alizopewa ili alinganishe zilikuwa kazi ya mghushi yule yule! Mwaka 1983 uongo ukafichuka. Basi mgeni mwenye elimu hupima kile tu alichoonyeshwa. Ukimpa kipimo kibovu, jibu lake litakuwa bovu, hata akiwa mwaminifu.

Mwaka 2013 wanasheria wanne, chini ya jaji Mwingereza Stephen Sedley, waliifufua kesi kwa hiari yao. Waliwasikiliza mashahidi Waafrika waliokuwa hai bado, wakaomba madaktari wa maiti wasome upya taarifa za mwaka 1961 na picha za eksirei. Madaktari hawakuona alama kwamba Hammarskjöld alipigwa risasi. Hivyo uvumi mmoja ulipungua nguvu. Tazameni: maoni ya nje si ya kuthibitisha tunayotaka kuamini, mara nyingine kazi yake ni kutunyang'anya hadithi tamu.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliteua wataalamu watatu chini ya mwenzetu wa Afrika ya Mashariki, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Mmoja alitoka Australia, mwingine Denmark. Kila habari waliipa daraja: isiyo na uzito, dhaifu, ya wastani, yenye nguvu. Mwaka 2017 Jaji Othman aliandika kwamba yawezekana shambulio la nje au tishio lilisababisha ajali. Hakusema kwamba imethibitika. Alisema pia kwamba sasa ni juu ya mataifa kuonyesha kwamba yamepekua nyaraka zao zote kwa haki, hasa za majasusi na za simu za upepo zilizosikilizwa usiku ule. Taarifa yake ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mataifa machache yenye habari muhimu hayajafungua masanduku yote.

Sisi twasema hivi. Kumwita mgeni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfungulia mlango, kumwonyesha vyombo vyote, na kumkalisha pamoja na mchoma makaa, si pamoja na mkubwa peke yake. Mithali yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji afichaye kidonda atapona namna gani?

Na katika nyumba zetu pia, kijana akifa ghafula, wangapi hukimbilia kumtaja bibi kizee kuwa ndoki kabla daktari hajaulizwa? Atafutwe daktari, na jibu lake likitiliwa shaka, aulizwe wa pili asiyejua ugomvi wa ukoo. Kabla ya hayo, mwili na vitu vya marehemu visiguswe ovyo, kwa maana ushahidi uliopotea hakuna mgeni awezaye kuurudisha. Huenda jibu lisipatikane. Lakini heri kesi iliyo wazi kuliko kumhukumu asiye na hatia.