Mkuu na Asikilize

Liko jambo ambalo makarani hulisema kwa sauti ya chini barazani mwa ofisi wakati wa chai, nasi twaona yapasa lisemwe hapa waziwazi: ni namna wakuu wa idara wanavyosema na watu walio chini yao. Twaandika bila chuki, tena twajua ya kuwa wengi miongoni mwa wanachama wetu wenyewe ni wakuu wa sehemu, makarani wakuu na wasimamizi. Basi maneno haya yatuhusu sote, atoaye amri na apokeaye.

Mithali yasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, wala hatuikatai. Walakini ni wachache wanaojiuliza, mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini? Sisi twasema kwamba huvunjika kazi yenyewe, na ushahidi wa neno hili umo katika historia ya nchi zetu.

Mwaka 1939, mwishoni mwa Julai, wafanya kazi wa Idara ya Ujenzi ya Serikali huko Mombasa waligoma wakitaka posho ya nyumba. Kodi za vyumba zilikuwa zimewalemea, nao walilala wengi katika chumba kimoja. Posho ilikubaliwa upesi, na mara wafanya kazi wa mahali pengine nao wakagoma, hata bandarini. Baadaye Tume ya Willan ilipochunguza, iliona kwamba shida ya nyumba ilikuwa kubwa kweli. Basi tujiulize: shida ya kodi si jambo la kufichika, kila karani wa mishahara angeweza kuieleza kwa dakika kumi. Ilikuwaje hata ikahitaji mgomo na tume ndipo ijulikane? Na kila mwenye macho alijifunza somo baya, ya kuwa mlango usiofunguka kwa maneno hufunguka kwa kuacha kazi.

Somo hilo halikusahauliwa. Tarehe 13 Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama tena, safari hii kwa mgomo mkuu wa watu maelfu, nao wakakutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Lile jina peke yake lilikuwa barua kwa wakuu. Baada ya mgomo, baraza la uamuzi chini ya Jaji Thacker liliwaongezea wengi mishahara. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata Reli ya Kati ukaingia bara. Hatusemi ya kwamba mazungumzo mema yangejaza matumbo ya watu, maana mshahara mdogo haukui kwa kusemwa vizuri. Twasema kwamba mkuu asiyesikia neno chumbani mwake atalisikia uwanjani, na huko litakuwa ghali zaidi.

Tena mtu asidhani kwamba mambo haya yalikwisha siku ile bendera zilipobadilishwa. Katika Tanzania, Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakataza viongozi majivuno na dharau. Miaka michache iliyofuata ilikuwa na migomo mingi viwandani, na mara nyingi lawama ya wafanyakazi haikuwa mshahara, bali matusi na dharau za mameneja. Wakubwa wale walikuwa wananchi wenzao, wenye lugha moja nao. Kwa hiyo ni dhahiri ya kuwa kujua lugha ya mtu si kusema naye.

Basi kosa liko wapi? Aghalabu mkuu hudhani ya kuwa amekwisha kuzungumza na watu wake akiisha kutia sahihi waraka. Waraka hubandikwa ubaoni, au siku hizi hutumwa katika kundi la simu saa nne ya usiku, na karani ausoma hivi: kuanzia Jumatatu zamu zimebadilishwa. Kwa nini? Hakuna sababu. Amwulize nani? Hakuna jina. Penye ukimya wa mkuu uvumi hupata kiti. Kufika saa sita ya mchana wa Jumatatu, mmoja amekwisha kusema ni adhabu, wa pili asema watu watapunguzwa, na wa tatu ajua hata majina yao. Huenda sababu yenyewe ilikuwa ndogo na njema, lakini nani ataiamini sasa?

Kwa hiyo twatoa shauri letu kwa wakuu, nalo halihitaji fedha wala mafunzo ya ng'ambo.

Kwanza, kila amri na ifuatane na sababu yake. Mtu aelezwaye sababu aweza kutumia akili yake pale amri isipotosha, na asiyeelezwa hungoja kuambiwa kila hatua, kisha huitwa mvivu.

Pili, waraka na uandikwe kwa maneno ambayo tarishi na dereva wataelewa kama aelewavyo karani mkuu. Useme ni nini kinachobadilika, tangu lini, na nani wa kuulizwa. Na jambo zito, kama uhamisho au kupunguzwa kwa posho, lisemwe kwanza kwa kinywa, uso kwa uso, ndipo liandikwe.

Tatu, katika mkutano mkuu asiseme kwanza juu ya kila jambo. Akisha kutoa shauri lake, nani atamkanusha? Na aanze na wadogo, apande hata wakubwa, mwisho aseme yeye.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, neno lililopelekwa juu lirudishiwe jibu. Watumishi wetu hawaudhiki sana kwa kukataliwa, ila kwa kuachwa wakingoja. Jibu la hapana lenye sababu na tarehe ni heshima. Ahadi ya kwamba jambo laangaliwa, ikarudiwa miezi sita, ni dharau hata ikisemwa kwa upole.

Tano, mtu akikosa na aonywe faraghani, na akifanya vema asifiwe mbele ya wenzake. Wako wakuu wafanyao kinyume, kisha hustaajabu kwamba hakuna awaleteaye habari za makosa mapema.

Na sisi wa chini tusijidanganye kwamba hatuna sehemu katika lawama hii. Mkuu auliza kama kuna swali, sote twatazama sakafu. Akitoka, barazani pakawa na maswali ishirini. Huitikia ndiyo, mzee, kwa hesabu ambayo twajua haitimu. Mficha maradhi, kifo humfichua. Kama njia ya kusema peke yako yatisha, na kweli yaweza kutisha kwa mtu mwenye watoto na mshahara mmoja, basi ndiyo maana chama kipo. Watangulizi wetu walilijua hilo. Martin Kayamba na wenziwe walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922, walielewa kwamba neno la mtu mmoja mnyonge hupeperuka, bali neno la wengi lililoandikwa kwa adabu na hesabu sahihi huwekwa mezani. Na mjumbe wetu aendaye katika baraza la wafanyakazi asiende kunywa chai na kupiga makofi. Aende na maswali tuliyompa, arudi na majibu, na majibu yasomwe kwetu.

Yupo atakayesema kwamba kusikiliza kwapunguza ukubwa. Twamjibu hivi: mkuu aliyesikiliza bado ndiye aamuaye, na uamuzi wake bado ni amri. Tofauti ni kwamba watu wake watajua amri ile ilipimwa kwa mizani gani, nao wataishika hata siku ambayo hayupo ofisini. Amri ishikwayo mkuu akiwapo tu yamlazimu awepo siku zote, na hakuna mwenye nguvu za kazi hiyo.

Twaomba wanachama walio wakuu wa sehemu waujaribu mpango huu kwa miezi mitatu, hasa shauri la nne. Na wanachama wote wazungumze habari hii katika matawi yao, kisha watuletee maoni yao, hata yakipingana na yetu. Hatuwezi kuwaambia wakuu wasikilize, ikiwa ukurasa huu wenyewe hausikii.