Watoto wa Sikoseli na Hesabu ya Bima ya Afya kwa Wote

Tanzania ni miongoni mwa nchi chache duniani zenye idadi kubwa ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa sikoseli, au selimundu. Makadirio yanayotumiwa na watafiti ni takribani watoto 11,000 kila mwaka. Wananchi wanapofuatilia utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, ugonjwa huu ni kipimo kizuri cha kuona bima hiyo inapaswa kubeba nini, kwa kuwa gharama zake kubwa hutokana na gharama ndogo zisizolipwa kwa wakati.

Sikoseli hurithiwa. Mtoto huugua pale anapopokea kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wanapokuwa na kinasaba kimoja kimoja huonekana wenye afya, lakini katika kila ujauzito kuna uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Kinasaba hicho kimeenea zaidi mahali ambapo malaria imekuwapo kwa karne nyingi, kwa sababu anayebeba kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Jambo hilo lilibainishwa mwaka 1954 na Anthony Allison, kutokana na utafiti alioufanya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo mzigo wa ugonjwa hauko sawa nchi nzima. Utafiti wa Kanda ya Ziwa uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia sampuli za damu za watoto wachanga, ulionesha kuwa karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba hicho, na zaidi ya mmoja kati ya mia moja alikuwa na ugonjwa wenyewe. Mipango ya dawa na vipimo inayogawanywa kwa idadi ya watu pekee haiwezi kuutosheleza ukanda wa namna hiyo.

Takwimu za Muhimbili zinaonesha wakati hatari inapokuwa kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2004 watafiti, wakiongozwa na Profesa Julie Makani, walifuatilia wagonjwa 1,725. Matokeo yao ya mwaka 2011 yalionesha vifo 1.9 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji kwa jumla, lakini vifo 7.3 kwa watoto walio chini ya miaka 5. Hao walikuwa watoto waliokwisha kutambuliwa na kuandikishwa kliniki. Wasiotambuliwa hawamo katika hesabu hiyo. Wengi wao hufariki kwa homa, nimonia au upungufu mkubwa wa damu, na jina la ugonjwa wao halisi haliandikwi popote.

Katika nchi zinazopima kila mtoto anapozaliwa, kama Uingereza na Marekani, watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wenye sikoseli hufikia utu uzima, ilhali kinasaba ni kilekile na maumivu ni yaleyale. Tofauti huanza na tone la damu linalochukuliwa kwenye kisigino cha mtoto siku za mwanzo. Mtoto akishatambuliwa hupewa penisilini ya kila siku ya kumkinga na maambukizi, hukamilishiwa chanjo, na mama hufundishwa kupapasa bandama na kuitambua homa isiyosubiri asubuhi. Katika orodha hiyo hakuna kinachohitaji hospitali ya kanda. Zahanati yenye dawa na mhudumu aliyefunzwa inatosha.

Dawa ya haidroksiurea nayo imekwisha kuthibitishwa katika mazingira ya Afrika. Utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi, na kuchapishwa mwaka 2019, uliwapa dawa hiyo watoto 606. Matukio ya maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, na mahitaji ya kuongezewa damu yalishuka hadi karibu theluthi moja ya yale ya awali. Malaria ilipungua kwa takribani nusu, na vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa miaka 100 ya ufuatiliaji. Hofu kwamba dawa hiyo ingewadhuru watoto wa maeneo yenye malaria haikuthibitika.

Hata hivyo, haidroksiurea humezwa kila siku kwa miaka mingi, na mgonjwa anahitaji kipimo cha picha kamili ya damu mara kwa mara. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Mwongozo wa uchangiaji huduma za afya una misamaha kwa watoto walio chini ya miaka 5 na makundi mengine, lakini msamaha hauweki dawa kwenye rafu: dawa inapokosekana kituoni, mzazi huandikiwa akanunue dukani. Nauli ya kwenda kliniki na siku ya kibarua iliyopotea haziingii katika msamaha wowote. Mtoto anayekosa dawa hurudi akiwa mahututi, alazwe, aongezewe damu, pengine akiwa amepata kiharusi. Gharama ya kulazwa huko hulipwa na familia, hospitali na Serikali kwa pamoja.

Uzoefu wa Toto Afya Kadi unafundisha upande wa pili. Kwa mchango wa shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto aliweza kupata huduma za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Machi 2023 utaratibu huo ulibadilishwa, Mfuko ukieleza kuwa wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, hivyo michango ikazidiwa na malipo. Mzazi wa mtoto mwenye sikoseli hakufanya kosa lolote kumkatia mwanawe bima. Lakini mfuko unaojazwa na wagonjwa peke yao hauwezi kudumu, na ndiyo maana sheria mpya inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara ajiunge, huku wasio na uwezo wakichangiwa kupitia mfuko maalumu.

Upandikizaji wa uloto, ulioanza kutolewa kwa wagonjwa wa sikoseli katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023, ni hatua kubwa kwa nchi. Kwa kawaida unahitaji ndugu wa damu anayelingana na mgonjwa, hivyo utawafikia wachache. Tiba ya kuhariri vinasaba, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, ilitangazwa Marekani kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Swali la kufuatilia katika kitita cha mafao, basi, ni la kawaida zaidi. Je, kipimo cha mtoto mchanga kimo, angalau kwa mikoa yenye mzigo mkubwa? Je, haidroksiurea na kipimo chake cha damu vitapatikana katika kituo cha afya cha kata, au mgonjwa ataendelea kusafiri hadi hospitali ya rufaa? Na mtoto akifikisha miaka 6, nani atamlipia penisilini ya mwezi unaofuata?