Ni Jiji Gani la Kanada Lenye Sura Nzuri Zaidi?



Tangu Januari ukutani mwa sebule yetu imetundikwa kalenda iliyoleta ugomvi. Aliyetuletea ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, aishiye Toronto nchini Kanada. Kila mwezi una picha ya jiji moja la nchi ile, nayo imepigwa kutoka mbali, hata majumba yote yakaonekana kwa pamoja yamesimama mbele ya mbingu. Picha ya namna hii haionyeshi mtaa wala mlango wa mtu. Yaonyesha ile sura ambayo msafiri huiona wakati bado hajafika, naye huanza kuupenda au kuuogopa mji kabla hajaukanyaga.

Kila mtu nyumbani ana jiji lake. Binti yetu wa kidato cha tatu ameshikilia Toronto. Mama yake haambiwi lolote juu ya Vancouver. Mimi nilipoulizwa nilikuwa najificha nyuma ya gazeti, lakini mwandishi wa safu hii hawezi kujificha milele, na leo natoa hukumu yangu hadharani.

Kwanza tukubaliane kipimo. Mwenye haraka huhesabu ghorofa, akatangaza mshindi na kwenda zake. Lakini urefu peke yake ni sifa ya mlingoti. Mimi nauliza kama majumba hayo yamekiacha kionekane kile kilichokuwapo kabla yao, yaani mlima, mto, ziwa au bahari. Na kama mtu asiye na fedha ya kiingilio aweza kusimama mahali akaiona sura hiyo yote.

Kwa kipimo cha mlingoti, Toronto haina mshindani. Mnara wake uitwao CN Tower una urefu wa mita 553, na tangu ulipokamilika katikati ya miaka ya sabini hadi mwaka 2007 haukuwapo duniani mnara wala jengo lisimamalo peke yake lililoupita. La kuchekesha ni sababu ya kujengwa kwake. Mabenki yalikuwa yamejenga majumba marefu katikati ya jiji, nayo yakaanza kuyazuia mawimbi ya televisheni yasifike majumbani mwa watu. Shirika la reli ndilo lililoanza kazi mwaka 1973, na mwaka 1975 helikopta ikatumika kupandisha vipande vya mlingoti wa juu kabisa. Basi ugonjwa ulioletwa na urefu ukatibiwa kwa urefu zaidi!

Pembeni ya mnara huo yamesimama mabenki yenyewe. Yale majumba meusi yaliyobuniwa na Mies van der Rohe yalianza kuinuka miaka ya sitini, na la kwanza lilifunguliwa mwaka 1967. First Canadian Place, jengo la ghorofa 72 na mita 298, lilikamilika mwaka 1975, na kwa zaidi ya miaka 40 halikupatikana jengo la ofisi Kanada nzima la kulipita. Liko na jengo moja ambalo vioo vya madirisha yake vimepakwa dhahabu, naam, dhahabu ya kweli, ili kuzuia joto. Jua linapotua jengo hilo huwaka kama tanuri.

Mahali pazuri pa kuitazama Toronto ni visiwani, ng'ambo kidogo ya ufuko, ambako watu huvuka kwa pantoni. Aliyewahi kuvuka kutoka Kigamboni kuja Magogoni anaijua raha hiyo: chombo kinasogea, nalo jiji linakua mbele ya macho.

Hata hivyo, naipa Toronto nafasi ya tatu, na binti yangu anisamehe. Kati ya jiji na Ziwa Ontario imepita barabara kuu ya magari iliyoinuliwa juu ya nguzo, iliyojengwa kati ya mwaka 1955 na 1966, na baadaye ukajipanga mbele yake msururu wa maghorofa ya vioo ya kuishi. Aliyeko visiwani hulifaidi jiji, lakini mwenyeji aliyeko mjini hulitafuta ziwa asilione. Ni kama nyumba iliyopakwa rangi upande wa njiani tu, huku wenye nyumba wakilala gizani.

Shemeji ameniandikia jambo jingine ambalo kalenda haisemi. Yeye husafisha ofisi katika mojawapo ya majumba hayo, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi usiku wa manane. Zile taa zinazometameta kwenye picha ya usiku, ambazo mtazamaji hudhani ni za wakurugenzi wanaoumiza vichwa kwa mahesabu, nyingi ni za yeye na wenzake wakipita ghorofa kwa ghorofa na ndoo zao. Saa hizo wakurugenzi wamelala.

Nafasi ya kwanza naipa Montreal.

Najua picha yake ndiyo iliyotazamwa kwa dharau kuliko zote sebuleni kwetu, kwa kuwa majumba yake ni mafupi. Yamefupishwa kwa makusudi. Katikati ya jiji umesimama mlima mdogo, Mont Royal, ambao Mfaransa Jacques Cartier aliupanda na kuupa jina mwaka 1535. Kilele chake kiko mita 233 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanuni za mipango ya jiji haziruhusu jengo lolote kukipita. Jengo refu linaloitwa 1000 de la Gauchetière, la mwaka 1992, lina mita 205, na kwa kuwa ardhi ya chini yake nayo imeinuka, limekwisha fika darini. Majumba ya Montreal ni wapangaji wanaomjua mwenye nyumba.

Panda mlima huo kwa miguu, bila kulipa senti. Ukifika kwenye uwanja wa kutazamia, utaona jambo lisilopatikana kwa urahisi penginepo: paa za mabenki ziko usawa wa uso wako, na nyuma yake Mto Saint Lawrence unapita kwa upana wake wote. Kisha vuka mto uende kisiwani Sainte-Hélène, palipofanyika maonyesho makubwa ya dunia mwaka 1967, ugeuke nyuma. Sasa majumba yako mbele, na mlima umeyakumbatia kutoka nyuma, na msalaba wake wa chuma uliosimikwa mwaka 1924 ukiwa juu ya yote.

Nisiifanye Montreal kuwa ya kitawa kupita kiasi. Nayo ilishindania urefu. Mwaka 1931 benki moja ya Toronto ilijenga jumba la mita 145 lililokuwa refu kuliko yote katika himaya ya Waingereza, na Montreal ikalivua taji hilo mwaka 1962, mwaka uliofunguliwa jumba la Place Ville Marie lenye umbo la msalaba. Mwaka 1967 Toronto ikalirudisha taji, na halijaondoka tena, kwa maana fedha nazo zilikuwa zinahama. Sheria ya mwaka 1977 iliyokifanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi katika jimbo la Quebec iliwaudhi wenye makampuni makubwa, na mwaka 1978 kampuni ya bima ya Sun Life ilitangaza kwamba inahamishia makao yake makuu Toronto. Kwa hiyo ukiziweka picha mbili hizi pamoja waweza kusoma hesabu za benki bila kufungua daftari. Mswahili, kwa upande wake, hana haki ya kuwacheka watu waliotaka kufanya kazi kwa lugha yao.

Kuhusu miji midogo nitapita haraka. Ottawa ilizuia majumba yasilifunike Bunge kwa miaka mingi, kisha ikalegeza. Halifax iliweka sheria mwaka 1974 ili bandari iendelee kuonekana kutoka kwenye ngome ya kilimani. Edmonton na Calgary ni mahasimu wa jadi. Edmonton ilikuwa na uwanja wa ndege karibu na katikati ya mji, hivyo majumba hayakuruhusiwa kurefuka. Uwanja ulipofungwa mwaka 2013, mji ukajenga jumba la mita 251 hivi na kuishinda Calgary kwa mita nne tu. Watu wazima hao!

Calgary yapata nafasi ya nne. Ni jiji la mafuta, na jumba lake la Bow, lililopinda kama upinde, ni zuri kweli. Lakini bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 2014, sehemu kubwa ya ofisi za katikati ya jiji ikabaki tupu, hata mwaka 2021 jiji likaanza kutoa ruzuku ili ofisi zigeuzwe nyumba za kuishi. Sehemu ya misukosuko hiyo ilimkuta Meya Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walihamia Kanada kutoka Tanzania.

Imebaki Vancouver ya mama watoto. Naipa nafasi ya pili, na nusura niipe ya kwanza. Mwaka 1989 jiji lile lilichora kwenye ramani njia za macho: ukisimama mahali fulani pa wazi, hapana jengo litakaloruhusiwa kukukatia mlima ulioko ng'ambo ya maji. Ndiyo maana maghorofa yake ni membamba na yameachiana nafasi. Lakini mlima haujazi tumbo. Nyumba ziliadimika, kodi zikapaa, na baadhi ya vyumba vya vioo vikakaa bila watu, hadi mwaka 2017 jiji likaanza kuzitoza kodi nyumba zisizokaliwa. Mwaka 2024 baraza lililegeza baadhi ya njia za macho ili zijengwe nyumba zaidi.

Na kuna Senakw. Palikuwa na kijiji cha watu wa taifa la Squamish, wenyeji wa asili, karibu na lilipo sasa daraja la Burrard. Mwaka 1913 serikali ya jimbo iliwahamisha, wakapakiwa kwenye tishari, na nyumba zao zikachomwa. Warithi wao walidai ardhi ile mahakamani na mwishowe wakarudishiwa kipande chake. Mwaka 2022 walianza kujenga hapo majumba 11 yenye nyumba za kupanga zaidi ya 6,000, na kwa kuwa ardhi ni yao, kanuni za jiji za urefu haziwafungi. Baadhi ya majirani wamelalamika kwamba mandhari yataharibika. Nimesoma malalamiko hayo mara mbili, nikijiuliza kama mwaka 1913 kuna aliyeandika kulalamikia mandhari.

Mama watoto amekubali nafasi ya pili, lakini hajanipa chai. Binti hajakubali kitu. Toronto ni picha ya mwezi Juni, naye amemwandikia mjomba wake kumwuliza anasafisha ghorofa ya ngapi, na jibu lilipokuja amehesabu madirisha kwa ncha ya sindano na kulizungushia moja wino mwekundu. Tangu hapo haruhusu mtu kufunua ukurasa. Kwetu ingali Juni, na tukitaka kujua tarehe twauliza kwa jirani.