Mark X na hesabu ya magunia

Toyota Mark X, gari lililotengenezwa Japan kuanzia mwaka 2004 hadi 2019, lina sifa zake. Injini ya lita 2.5 ya toleo la kwanza, yenye silinda sita, hutoa nguvu ya farasi 215. Viti ni vya starehe, na kwenye lami ya Sumbawanga hadi Tunduma gari hutulia hata likienda kasi.

Lakini mkulima wa Mwazye, wilayani Kalambo, anayetaka kulinunua kwa fedha za mahindi hana budi kupiga hesabu upya. Gari hilo liko chini, na mengi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Wakati wa mvua, nguvu zote hizo zitaishia kuchimba tope. Halibebi magunia, na injini kubwa hunywa mafuta hata abiria akiwa mmoja.

Kibaya zaidi, fedha hizo ndizo mbegu na mbolea ya msimu ujao. Hivyo bei ihesabiwe kwa magunia: mangapi ya kulinunua, mangapi ya kulitunza kila mwezi. Anayeweza bila kugusa mtaji wa shamba, anunue. Wengine waanze na pawatila au pikapu, starehe itafuata.