Samaki si Samaki Tu

Yako maneno mawili ambayo nimeyasikia mno katika wilaya yetu ya Ludewa, nami nimekusudia kuyapinga hapa. La kwanza ni la wale wasemao kwamba mageuko ya viumbe ni hadithi ya nyani, somo la kukaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahauliwa kesho yake. La pili ni la wale ambao, ukiwauliza Ziwa Nyasa litakuwaje chuma cha Liganga kikichimbwa, hujibu: "Samaki ni samaki tu, wataendelea kuzaana." Mimi nimesoma chuo cha ualimu, sikufika chuo kikuu. Lakini nasema bila kusita kwamba maneno haya mawili ni ujinga mmoja uliovaa kanzu mbili.

Tuanze na shamba, maana shamba kila mtu analijua. Mkulima akipanda mahindi meupe jirani na mahindi ya manjano, upepo huchukua chavua, na siku ya kuvuna atakuta hindi moja lina punje za rangi mbili. Akitaka kuhifadhi mbegu zote mbili, sharti azitenge. Ndivyo ilivyo kwa viumbe wote. Kundi moja likigawanyika, na kila upande ukazaliana peke yake vizazi kwa vizazi, tofauti ndogo ndogo katika chembe za urithi hulimbikizana. Mwishowe pande hizo mbili haziozani tena. Hapo spishi mpya imezaliwa. Nyani hakutajwa hata kidogo.

Sasa, ndugu msomaji, vuka milima ya Livingstone uteremke hadi ziwani. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, na ndani yake wanaishi samaki wa jamii ya perege wa spishi zaidi ya 500. Karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wale wa miambani, wanaoitwa mbuna, hawapendi kuvuka mchanga, hivyo kila mwamba ni kama kijiji chao. Lakini uko utengano mwingine: majike huchagua dume kwa rangi yake. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa chembe za urithi za spishi hizi hutofautiana, kwa wastani, kwa asilimia 0.1 hadi 0.25 tu. Kwa hiyo kwa wengi wao uzio mkubwa ni macho ya jike, na macho hayafanyi kazi katika maji yenye tope.

Atakayesema hii ni nadharia ya vitabuni atazame Ziwa Victoria. Huko yuko furu mwekundu ambaye wataalamu walimpa jina la Mwalimu Nyerere: Pundamilia nyererei. Ndugu yake wa karibu ana rangi ya buluu. Penye maji maangavu, wa buluu hukaa karibu na uso wa maji na mwekundu chini zaidi, na kila jike humtambua wa kwao. Mwaka 1997 wanasayansi waliofanya kazi Mwanza walitangaza jambo la kuhuzunisha. Penye maji machafu rangi zilikuwa zimefifia, na spishi zilizokuwa mbali mbali zilikuwa zinachanganyika na kupotea. Sangara, aliyepandikizwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na 1960, alikula furu wengi, na kila mvuvi alimwona. Lakini tope humaliza spishi bila kuacha mfupa hata mmoja. Samaki wapo, nyavu zinajaa, na spishi haipo.

Ndiyo maana jibu la "wataendelea kuzaana" halifai. Watazaana, naam, huko kuzaana ovyo ndiko kunakoziua spishi. Wala maji yakitakata baadaye, usitegemee kwamba waliochanganyika watajitenga upya upesi. Furu wa Victoria walitokea katika muda wa miaka 15,000 hivi, na wataalamu wanauita muda huo mfupi mno. Ni mradi gani utakaotungojea miaka hiyo?

Sisemi chuma kiachwe ardhini. Mkataba wa Liganga na Mchuchuma ulitiwa saini mwaka 2011, nasi tukangoja zaidi ya miaka kumi. Vijana wetu wanataka kazi, na ni haki yao. Ninachokataa ni kuambiwa tuchague kimoja, chuma au ziwa. Mlima ukifunuliwa, mvua za masika huubeba udongo wake. Mto Ruhuhu hauulizi udongo umetoka mgodini, barabarani au katika shamba lililolimwa kuelekea bondeni. Huupeleka wote ziwani, karibu na Manda.

Basi yafanyike haya. Mabwawa ya kutuamisha tope yajengwe kabla ya shimo la kwanza, si baada ya malalamiko. Kingo za mito ziachiwe miti. Sisi wakulima nasi tukate matuta ya kukinga maji, tusijifanye watakatifu. Na uangavu wa maji upimwe tangu sasa. Kipimo ni rahisi: sahani nyeupe hufungwa kamba na kuteremshwa majini mpaka isionekane, kisha urefu wa kamba huandikwa. Watoto wa shule za Manda na Lupingu wanaweza kuifanya kazi hiyo kila mwezi, chini ya mwalimu wao. Kwa njia hiyo watajifunza mageuko ya viumbe bila kukariri, na wilaya itakuwa na daftari la ushahidi.

Asiye na daftari hana kesi. Siku tope litakapofika, mwenye mradi atasema ziwa lilikuwa hivyo tangu zamani. Nasi tutamjibu kwa nini, ikiwa hatukuandika kitu?