Kompyuta za karakana: tusipeleke nyumbani dawa iliyoisha muda

Leo natoa la moyoni, na kwa kuwa nimetoka zamu ya usiku, mtanivumilia nikiwa mkali.

Umoja wetu hapa Uingereza umekusanya kompyuta 14 za mezani kwa ajili ya karakana ya useremala na uchomeleaji ya chuo kimoja cha ufundi mkoani Tanga. Jambo jema kabisa. Mashine zenyewe ni za mwaka 2014 hadi 2016, Core i5 za kizazi cha nne na cha sita, kumbukumbu GB 4, diski za zamani zile za kuzunguka. Sasa kamati imeamua zipakiwe kwenye kontena zikiwa na Windows 10 hivyo hivyo zilivyo, na zile ambazo diski zake zilifutwa zipigwe Windows ya wizi kutoka kwenye flashi ya kijana mmoja anayeitwa mtaalamu. Nilipohoji, nikajibiwa: "Dada, kule nyumbani hawana makuu. Ikiwaka inatosha."

Ikiwaka inatosha! Hebu nisaidieni, hii kauli inatofauti gani na ile ya Mzungu aliyekuwa akituletea makopo ya dawa zilizobakiza wiki mbili, kisha anapigwa picha akikabidhi? Kwenye dawa dunia ilishalikataa hilo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1996, na kanuni mojawapo inasema dawa ikifika nchini iwe imebakiza angalau mwaka mmoja wa kutumika. Walioandika kanuni ile walijua kwamba kutupa dawa mbovu nako kuna gharama, na gharama hiyo anabebeshwa anayepokea.

Windows 10 muda wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza iliyotolewa kwa watumiaji wa nyumbani watakaojiandikisha, nayo ilipangwa kufika Oktoba 2026 tu. Kontena likae baharini, likae bandarini, lisubiri makaratasi (na bandari zetu mnazijua), hiyo nyongeza itawafaa nini vijana wa karakana? Na msiniambie tuwawekee Windows 11. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha nane kwenda mbele. Zipo njia za kuilazimisha iingie, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho. Yaani unahama kutoka kwenye nyumba isiyo na paa kwenda kwenye nyumba ambayo paa lake linaweza kuchukuliwa siku yoyote.

Wengine wanadhani masasisho ni mapambo. Mimi nafanya kazi hospitalini, nawaambieni si mapambo. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye mfumo wa afya wa nchi hii tunayoishi. Taasisi za hospitali zisizopungua 80 kati ya 236 za England ziliathirika, na ilikadiriwa kuwa miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilifutwa. Kiraka cha kuziba lile tundu kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo huo! Nyingi ya mashine zilizopigwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuweka kiraka. Sasa kama nchi tajiri iliumia kwa kuchelewa miezi miwili, karakana yenye flashi zinazozunguka kutoka stesheneri hadi stesheneri itapona kwa dua?

Dawa ipo na ni ya bure. Linux Mint 22, toleo lake jepesi la Xfce, litapata masasisho hadi mwaka 2029. Inakwenda vizuri kwenye GB 4, na ukitoa ile diski ya kuzunguka ukaweka SSD ndogo, mashine ya 2014 inaamka kama imelala siku nyingi. Inakuja na LibreOffice ya barua na hesabu za mbao. Wa michoro atapata FreeCAD na LibreCAD bila kuiba kitu cha mtu.

Kazi yenyewe si uchawi. Unapakua faili, unahakiki alama yake ya SHA256 ili usiweke kitu kilichoharibika au kuchezewa, unaliandika kwenye flashi, unawasha mashine ukibonyeza F12, F9 au Esc kutegemea aliyeitengeneza. Mfumo unawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo ndipo unapojaribu intaneti, sauti, printa. Ukiridhika, na kama hakuna kitu cha mtu kwenye diski, ndipo unasakinisha. Halafu kuna jambo ambalo "wataalamu" wetu hawaligusi: betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama. Ikifa, kompyuta ikizimwa inasahau tarehe, na yenye tarehe ya miaka kumi nyuma inakataliwa na tovuti nyingi za usalama kwa sababu vyeti vyao vinaonekana havijaanza kutumika. Fundi wa Tanga atahangaika wiki nzima akidhani ni mtandao, kumbe ni betri ambayo hapa hata pauni haifiki.

Nakubali kuna mahali Linux haifiki. AutoCAD haina toleo lake, na programu nyingi za kupima magari au kuendesha mashine za kukatia zinataka Windows. Sawa, iachwe mashine moja kwa kazi hiyo, yenye leseni yake halali, na isiunganishwe na intaneti. Moja, si 14.

Lakini kilichoniuma zaidi ni ile hoja ya pili ya kamati, kwamba "kule Linux hawaijui, itawachanganya". Nani kawaambia? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Wakati ule baadhi yetu tulikuwa shule bado. Watu wa nyumbani walikuwa wakitafsiri programu huria miaka ishirini iliyopita, leo mbeba maboksi wa Leicester anawaona hawataweza kubonyeza menyu! Hiyo ni kasumba, tusiipambe jina lingine. Kijana anayesoma mchoro wa paa na kupiga hesabu ya kenchi hashindwi na kitufe kilichohamia kona nyingine.

Jumamosi niko ofu. Nitakuja stoo na flashi mbili, bisibisi, na betri 14. SSD tuchangishane, zilizotumika zinapatikana kwa bei ya chakula cha mtu mmoja mgahawani. Ninachoomba kwa mwenyekiti ni funguo tu, na kontena lisifungwe kabla ya hapo.

Nawasilisha.